Ndege Haisimami Mombo

Habari za kifo cha Mama Nuru zilinikuta Arusha, nikipika chai na chapati kwa mafundi wa ujenzi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, na mtu wa kwanza kunijia akilini hakuwa marehemu. Alikuwa mkwe wake. Nilijiuliza kama Yohana atakuwepo msibani, na kama atakuwepo pia yule mwanamke wa nyuma ya kituo cha mafuta, pamoja na mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, ambaye sasa lazima ni mtu mzima. Nimezunguka sana tangu nilipoondoka Lushoto. Nimelala vyumba vingi na karibu vyote nimevisahau. Lakini shaka niliyoondoka nayo mwaka ule sikuipoteza njiani. Nilihama nayo kama mpishi anavyohama na sufuria lake.

Nilipanda basi alfajiri, nikashuka Mombo, nikachukua gari la mlimani, nikaingia Lushoto wakati wanawake wanakata kabichi uani kwa Mama Nuru. Mmoja nisiyemfahamu alinimiminia maji ya kunawa, akanipa kisu, na kabla hata ya kuniuliza jina akasema, "Pole na safari, dada. Umetoka wapi? Umetumia muda gani njiani?" Nilitaka kucheka. Swali hilo lilikuwa langu. Mwaka ule, katika ua uleule, mimi ndiye niliyemuuliza kila aliyeingia na begi.

Nyumba ya wageni ya Mama Nuru ilikuwa juu kidogo ya soko, ya matofali ya kuchoma, na madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani. Vyumba vya wageni vilitazama bonde. Chumba chetu mimi na Nuru kilitazama jiko, kwa hiyo nguo zetu zilinuka moshi wa kuni na kitunguu mwaka mzima. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nimechuma chai Bulwa, nimefagia njia za msituni kule Sigi, nimeuza machungwa Mombo msimu mmoja mpaka joto likanishinda. Nikapanda mlima bila kumjua mtu. Mama Nuru alikuwa mjane, Mlutheri, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na siku nilipopiga hodi alinitazama miguu kabla ya uso. "Unajua kupika makande?" Nikasema najua. "Kila mtu anasema anajua. Ingia." Alipoonja, aliongeza chumvi kidogo, akasema, "Utakaa." Kesho yake aliponiona natawadha kwa maji ya bomba alipiga kelele, "Mwanaidi! Maji ya moto yako kwenye birika kubwa. Utakufa na baridi, halafu Mungu wako aniulize mimi." Ndivyo nilivyokaribishwa.

Nuru alikuwa binti yake wa pekee, fundi cherehani. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya, na mashine yake ilikaa kati ya vitanda vyetu, hivi kwamba mmoja akitaka kutoka ilibidi mwingine akunje miguu. Yeye alishona, mimi nilisimulia. Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, na bado ninao. Kila mgeni aliyelala kwetu nilimchota safari yake yote: alipitia wapi, walisimama wapi, walikula nini, walifika jua likiwa wapi. Nilijua barabara ambazo sijawahi kuzikanyaga. Siku moja mgeni aliyekuwa akiuza pampu za maji aliniambia kwamba yeye husafiri kati ya Dar es Salaam na Arusha kwa ndege. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita mia sita, basi linakula kutwa nzima. Kwa ndege njia inakatwa, haifiki mia tano, na mtu anatumia saa moja na kidogo tu. Nilirudi chumbani nikamweleza Nuru kama mtu aliyeokota dhahabu. "Saa moja na kidogo! Makande hayajaiva, wewe umefika Arusha." Nuru alikuwa na pini mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona.

Kabla sijafika, Nuru alikuwa ameposwa na kijana wa ng'ambo ya bonde, mkulima wa kabichi. Habari hizo nilizisikia vipandevipande jikoni. Kwa watu wa kule, mposaji huulizwa. Wazee hutuma watu kwa majirani zake, kwa waliosoma naye, kwa mabibi wa ukoo wake, na huulizia ugonjwa, uvivu, ulevi, madeni na maneno ya watu. Kijana wa kabichi alichunguzwa mpaka ikapatikana kwamba babu yake aliwahi kuhamisha mpaka wa shamba la jirani. Kaka wa marehemu baba yake Nuru, Baba Mkubwa Zakaria, mzee wa kanisa ambaye alikuja kunywa chai kwetu kila jioni, aliifunga kesi kwa sentensi moja: "Anayehamisha mpaka atahamisha na mke." Kijana mwenyewe hakuwa amehamisha hata jiwe. Nuru alishona wiki nzima bila kuimba, Mama Nuru aliniambia, kama vile alikuwa akinieleza habari za mvua.

Yohana aliingia nyumbani mwezi ambao viazi vinachimbwa. Alikuwa na shati jeupe, kofia ya kaki yenye ukingo mpana, na tabasamu ambalo lilifika kabla yake. Nuru alisema walifahamiana aliposhuka Korogwe kununua vitambaa. Alimwamkia Mama Nuru shikamoo kwa kuinama vizuri, akamwamkia Baba Mkubwa, akakaa, akaambiwa ale kwanza.

"Umesafiri salama, baba?" Mama Nuru aliuliza.

"Salama kabisa, mama. Asubuhi nilikuwa Dar. Nikapanda ndege mpaka Arusha, kikazi kidogo, halafu nikashuka huku kwa gari."

"Asubuhi Dar, jioni uko mezani kwangu!"

"Ndege, mama. Saa moja na kidogo tu. Makande hayajaiva, umefika."

Niliacha kijiko hewani. Nikasema, "Samahani, kaka Yohana. Kwa nini uturuke halafu uturudie? Dar na Arusha sisi tuko katikati. Ungepanda basi Dar, ukashuka Mombo, ungekuwa hapa adhuhuri."

Mguu wa Nuru ulinipiga chini ya meza. Yohana alicheka. "Dada yangu, ulipaswa kuwa rubani wewe. Nimesema nilikuwa na kazi Arusha."

"Kazi gani hiyo inaisha kabla ya chai ya saa nne?" Baba Mkubwa aliuliza, si kwa ubaya, akichagua mfupa.

"Kazi ya kutia sahihi, mzee."

Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karoti. Lakini mimi nilibaki namtazama. Wakati huohuo gari la mwisho kutoka Mombo lilipiga honi kule sokoni, na Yohana, bila kujua, aliacha kijiko na kuinuka nusu kutoka kwenye kiti, mkono wa kulia ukiwa umekwenda juu. Kisha akakaa, akajifanya anarekebisha kola.

Mama Nuru alitaka afungiwe chapati za njiani. Alipomletea mfuko wa nailoni, Yohana aliupokea, "Acha nifunge mwenyewe, mama," na nikaona mikono yake inafanya jambo ambalo mikono yangu pia ilijua. Ukiuza madirishani pale Mombo, basi halikusubiri. Kwa hiyo mfuko unaufunga kwa namna yake: unakusanya mdomo, unauzungusha mara moja, unapitisha ncha ndani, unaacha kitanzi cha kutosha kidole kimoja. Basi likianza kuondoka, abiria ananyoosha kidole, ananasa kitanzi, na wewe tayari umeshika mfuko mwingine. Nimezunguka nchi hii na sijaliona fundo hilo likifungwa mahali pengine. Mtu anayepita Mombo kwa basi anaweza kuwa nalo kwenye mfuko alionunua. Hawezi kulifunga huku anaangalia pembeni akimsifia mwenye nyumba.

Tangu hapo sikumwacha. Alikuja tena na tena, kila mara ametoka mji mmoja kati ya ile miwili, kila mara kwa ndege. Niliangalia viatu vyake: vumbi jepesi la kijivu la kule chini Mombo, hadi kwenye pindo la suruali. Nilikaa karibu Mama Nuru alipozungumza naye kwa simu, na haikuwa kazi, maana aliishika mbali na sikio akiogopa itamuunguza, na sote tulisikia. "Niko uwanja wa ndege, mama, wanatuita kupanda," Yohana alisema, na nyuma yake mtu akapaza sauti, "Maji! Maji baridi! Korosho!" na honi ya basi ikalia. Mama Nuru alikata simu akasema kwa mshangao, "Kumbe hata huko wanauza maji." Nilitazama sufuria langu. Mimi sikuwa na neno na mchuuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa mchuuzi. Kilichonikosesha raha ni hiki: mtu anayedanganya juu ya njia aliyopita, anakupeleka wapi ukishampa mkono? Nuru alikuwa amekwishaanza kumalizia kazi za watu. Alikuwa akizungumza habari za kufunga mashine yake na kuondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema anaondoka kwenda wapi.

Niliomba ruhusa nikanunue mchele na nazi Mombo. Niliposhuka kwenye gari, joto lilinipiga usoni kama mlango. Sikuhitaji kutafuta. Basi la kwenda Arusha lilikuwa linaingia, wachuuzi wakalikimbilia, na mbele yao wote ilikuwa ile kofia ya kaki. Alibeba mifuko ya machungwa kwenye fimbo begani, mingi, vitanzi vimejipanga, akiita, "Muheza hizi! Sukari tupu! Mama, kidole tu, nipe kidole!" Alikuwa hodari kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Basi lilipoondoka, mwanamke mmoja alipiga kelele dirishani kwamba amelipa na hajapewa, na Yohana akalikimbilia lile basi mpaka karibu na daraja, akarusha kitanzi kwenye kidole chake. Alirudi anahema, anacheka peke yake. Kidogo nimpende. Halafu akazunguka nyuma ya kituo cha mafuta, nami nikafuata kwa mbali, nikaona nyumba ndogo ambayo nusu ya bati lake ilikuwa nyekundu. Mwanamke kijana alitoka na mtoto mgongoni. Hakumsalimia. Alimpokonya mifuko iliyobaki kama mtu aliyezoea kuipokea kila siku, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, akaingia ndani. Naye akamfuata.

Nilipanda mlima na nazi zangu na moyo mzito. Nuru alikuwa chumbani anapiga pasi majoho. Nilifunga mlango nikamwambia, "Anauza machungwa Mombo."

"Najua," Nuru alisema.

Pasi haikusimama.

"Unajua?"

"Mwana, nilikutana naye dirishani. Nilikuwa ndani ya basi, yeye alikuwa chini. Ulidhani ndege nani alimpa? Mimi. Na mimi nani alinipa?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe. Umekaa hapo kitandani ukaniambia makande hayajaiva. Nikampa kama yalivyo."

Alinyoosha mkono wa joho. "Yule wa ng'ambo ya bonde walimchunguza mpaka kaburini kwa babu yake. Wa karibu huulizwa, Mwana. Wa mbali husadikiwa. Nani atakwenda Dar kuuliza majirani? Nikamweka mbali, basi. Kosa langu sikuangalia ndege inasimama wapi."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Wa nyumba ya bati jekundu. Ana mtoto."

Pasi ilisimama. "Ni dada yake," alisema. "Tabitha."

"Umemwona?"

"Ameniambia."

Kitambaa kikaanza kunuka. Aliinua pasi haraka.

Washenga wa Yohana walikuja kusikia jibu la posa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Sebule ilijaa wazee, na majirani walikaa uani chini ya dirisha, ambako ndiko posa husikilizwa vizuri zaidi. Yohana aliketi pembeni, kofia magotini, kimya, maana mwenye kuposa hana mdomo siku hiyo. Mshenga wake, mzee aliyetambulishwa kuwa mtu wa Dar, alivaa koti ambalo mikono yake ilikuwa mifupi. Baba Mkubwa alimsalimia ghafla, "Onga mshi," na yule mzee wa Dar akajibu kwa Kishambaa safi cha kule mlimani kabla hajajizuia. Baba Mkubwa aliinua nyusi, akamimina chai. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Nuru alikuwa chumbani, mlango wazi kidogo, na mashine ilikuwa imenyamaza.

"Tumesikia mema," Baba Mkubwa alisema. "Hanywi, anasali, ana adabu. Mimi nina swali moja tu. Mtoto wetu akiugua huko aliko, mama yake atamfikia kwa muda gani?"

Mshenga alikohoa. "Kwa ndege, mzee, saa moja na kidogo."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Dar mpaka Arusha."

"Sisi hatuko Dar, na hatuko Arusha. Ndege itampakia shemeji yangu wapi? Hapo sokoni, kwenye kabichi?"

Chini ya dirisha watu waliangua kicheko.

"Basi kwa barabara," mshenga alisema, akijifuta shingo.

"Kwa barabara. Akiwa Dar, tunashinda njiani. Akiwa Arusha, tunashinda njiani. Na tukifika Dar tukaambiwa wameruka jana kwenda Arusha? Tutapita tena hapa nyumbani tukiwapungia mkono?"

Hapo Mama Nuru aliweka kikombe chini. "Huyu Nuru nilimzaa katika nyumba hii, mvua inanyesha, hakuna gari. Mama yangu aliitwa kutoka kijiji cha juu akafika kwa miguu, kitovu hakijakatwa. Ndiyo maana nipo. Yohana ni kijana mzuri. Mimi nampenda, wala sifichi. Lakini ni mbali. Sitamweka mwanangu mahali nisipoweza kufika." Alimtazama Baba Mkubwa. "Shemeji, waambie hapana."

Nilisikia kitanda kinalia chumbani, kama mtu ameketi ghafla. Uongo wa Nuru ulikuwa umefanya kazi yote uliyotumwa, ukazidisha.

Yohana akasimama. Mshenga alimvuta koti, hakukaa.

"Mama, si mbali."

"Mwenye kuposa hasemi!" mzee mmoja alifoka.

"Nitasema, mzee, halafu nifukuzeni. Mama, mimi naishi Mombo. Mkisimama ukingoni mwa mlima asubuhi, bati langu mnaliona, nusu jekundu. Nauza machungwa madirishani. Ndege sijawahi kuipanda. Dar nimefika nikiwa mtoto, kwa mazishi. Arusha naijua kwa vibao vya mabasi. Mkiniita asubuhi nitakuwa hapa uji haujapoa."

Nilimwangalia Mama Nuru, nikasubiri ile sauti ya kwaya ipasue paa. Hakufoka. Alikuwa anamtazama Yohana kama alivyonitazama mimi siku ya kwanza, kuanzia miguuni.

"Mombo," Baba Mkubwa alisema. "Mombo! Miezi yote hii tunakuuliza hali ya hewa ya Arusha." Akapiga goti lake kwa kiganja. Sikujua kama ni hasira au ni kicheko. "Basi wewe si mgeni, wewe ni jirani. Na jirani huulizwa. Nani hapa anaijua Mombo?"

"Mwanaidi aliuza huko," Mama Nuru alisema.

Macho yote yakaja kwangu na birika langu. Na katika ule mlango uliokuwa wazi kidogo niliona jicho la Nuru. Lingeweza kuwa linaniomba ninyamaze. Lingeweza kuwa linaniomba niulize, kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza. Mpaka leo sijui.

"Nimekwenda," nilisema. "Nimemwona akiuza. Abiria alilipa, basi likaondoka, akalikimbilia mpaka darajani ampe mzigo wake. Hilo nimeliona. Na nimeona mwanamke nyumbani kwake, ana mtoto mgongoni. Amemfuta jasho."

"Ni dada yangu!" Yohana alisema. "Mume wake amemkimbia, anaishi kwangu."

"Kila mwanaume anayeposa ana dada," Baba Mkubwa alisema. "Mlete."

Alimleta Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Tabitha alikuwa mwembamba, mwenye haya, na alikula makande yangu akiangalia sahani. Baba Mkubwa alimuuliza yeye jikoni jina la mama yao na kijiji alikozikwa, akamuuliza Yohana uani, majibu yakawa mamoja. Walituma na watu chini, wakaulizia kwa majirani, kwa muuza mafuta, kwa mchungaji. Wazee waliridhika. Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimeishi kwenye vituo vya mabasi vya kutosha kujua kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana jina la mama wakati wanasubiri gari. Na yule mtoto alikuwa na masikio ya Yohana, yaleyale, yaliyosimama kama mikono ya kikombe. Nilipomwambia Nuru habari za masikio, alikata uzi kwa meno akasema, "Kama si dada yake, nimekwisha. Kama ni dada yake, umeniaibisha mbele ya wifi yangu. Chagua moja ulale nalo." Nuru na Yohana walioana kabla ya mvua za vuli, kwaya ikaimba kwa majoho aliyoyashona mwenyewe. Wiki ileile nilifunga mzigo wangu. Nuru alinisindikiza mpaka sokoni.

"Bado humwamini," alisema.

"Nakuamini wewe."

"Sikukuuliza hivyo."

Miaka mingi baadaye, tajiri mmoja niliyempikia alihamisha nyumba yake kutoka Dar kwenda Arusha, akanipandisha ndege pamoja na watoto wake. Niliomba kiti cha dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kuiona Lushoto kwa juu, mabati yake, ukingo wake, pengine hata barabara ya Mombo inavyojikunja. Niliona mawingu tu, meupe, kama povu la maziwa, na kabla sijamaliza kuogopa tukaambiwa tufunge mikanda tunashuka. Saa moja na kidogo. Katika yote ambayo Yohana alituambia mezani, hilo pekee lilikuwa kweli, na hilo pekee hakulijua mwenyewe. Niligusa kioo cha dirisha. Hakifunguki. Nikafikiri kwamba hapa hata ukiwa hodari wa namna gani, hakuna pa kumpitishia mtu kitanzi.

Sasa nilikuwa uani tena, nakata kabichi, na shaka yangu imekaa karibu nami kama zamani. Wanawake walisimulia jinsi Mama Nuru alivyofariki. Alizidiwa alfajiri, jirani akapiga simu Mombo, na Nuru na Yohana wakafika ile asubuhi, uji wa mgonjwa ukiwa bado unatoa mvuke. Alimshika mwanawe mkono, akauliza kama wamefunga geti la mbuzi, akaenda zake. Nilimtafuta Yohana kwa macho. Alikuwa jikoni kwa nje, mvi kichwani, anachochea moto chini ya sufuria kubwa, na ile kofia ya kaki, au ndugu yake, iko kichwani. Karibu naye mwanamke mwembamba anachambua mchele. Nilimtambua Tabitha. Nilianza kuhesabu hatua kati yao, nani anamtazama nani, nani anamwepuka nani. Sikuweza kujizuia.

Kijana mkubwa akaingia na kuni, dereva kwa sura, masikio yamesimama kama mikono ya kikombe. Alitupa mzigo chini, akamwamkia kila mtu, kisha akampitia Yohana kwa nyuma, akamvua ile kofia mbele ya waombolezaji wote na kujivika yeye.

"Mjomba! Kofia ya kupandia ndege imechakaa hii. Nipe mimi, wewe leo unashukia wapi? Arusha?"

Ua mzima ulicheka, hata wazee, hata Nuru mwenye kilemba cha msiba. Tabitha alimtupia mwanawe chembe za mchele, "Danieli, adabu! Tuko msibani." Yohana alimfukuza kwa kuni ya moto akisema, "Mpwa mbaya huyu, Mungu amenipa adhabu." Hakuna kijana wa kule anayemvua baba yake kofia mbele ya watu. Anaweza kufanyiwa hivyo mjomba peke yake, na mjomba mwenyewe akaona fahari. Haya hayafundishwi kwenye kituo cha mabasi.

Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwangu. Nuru alikuja akakaa kwenye mkeka, bega kwa bega, akachukua kabichi yangu.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Mombo mpaka hapa ni mwendo wa saa moja, Mwana," alisema, akiendelea kukata. "Wewe ulikuwa njiani miaka yote hii."

Nilikaa mpaka siku ya kuondoa tanga. Waliponisindikiza, Yohana alinitangulia kushuka Mombo, na basi langu lilipoanza kuondoka nilisikia mtu anagonga ubavuni. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku siku hizi, wanatumia nyavu. Yohana alikuwa anakimbia chini ya dirisha, anahema, mzee mzima, ameinua wavu wa machungwa. "Kidole, shemeji! Nipe kidole tu!" Nikanyoosha.